Jinsi ya kuomba nakala za mirathi ya ukoo wa George Mason wa Virginia

George Mason, aliyeandika rasimu ya Tangazo la Haki la Virginia, jimbo la Marekani, mwaka 1776, alifariki tarehe 7 Oktoba 1792 nyumbani kwake Gunston Hall. Wosia na karatasi nyingine za mirathi za wakati ule zilisajiliwa katika mahakama za kaunti, na makarani wa kaunti ndio wanaozitunza hadi leo. Kwa hiyo kosa linalokwamisha maombi mengi ni kuandikia kaunti isiyo yenyewe.

Anza na mipaka. Stafford ilianzishwa 1664. Prince William ikamegwa 1731, Fairfax ikamegwa kutoka Prince William 1742, na Loudoun kutoka Fairfax 1757. Shamba halikusogea hata hatua moja, ila kaunti yake ilibadilika. Andika mwaka wa tukio kwanza, kisha uangalie eneo hilo lilikuwa chini ya nani mwaka huo.

Wosia wa Mason mwenyewe uombe Fairfax, ambako ulithibitishwa Oktoba 1792. Usishangae ukiona tarehe ya 20 Machi 1773. Aliuandika siku 11 baada ya kufiwa na mkewe Ann Eilbeck, na ingawa alioa tena 1780, ni wosia huo huo uliofikishwa mahakamani.

Wosia wa baba yake usiuombe kabisa: haupo. Alizama mto Potomac mwaka 1735 bila kuacha wosia, na kwa sheria ya Virginia ya siku hizo ardhi yote ilikwenda kwa mwana mkubwa wa kiume, naye George alikuwa na miaka 9. Mama yake na mwanasheria John Mercer, mume wa shangazi yake, wakawa walezi. Hapa omba dhamana za usimamizi wa mirathi, hesabu za walezi na orodha ya mali ya marehemu. Wadogo zake, Thomson na Mary, hawakurithi ardhi hiyo. Mama ndiye aliyewanunulia yao, hivyo tafuta katika vitabu vya hati za ardhi.

Sasa barua. Mwandikie karani wa Mahakama ya Mzunguko (Circuit Court) ya kaunti husika. Fairfax ina kituo maalumu cha kumbukumbu za kale. Taja jina kamili, mwaka wa kuthibitishwa, aina ya hati, na namba ya kitabu na ukurasa kama umeipata kwenye faharasa. Eleza pia kama unataka nakala ya kawaida au yenye muhuri. Sheria ya Virginia inaweka senti 50 kwa ukurasa na dola 2 kwa muhuri. Hata hivyo uliza jumla kabla ya kulipa. Kwa kusoma tu, muhuri ni hasara.

Usitumie namba za I, II, III ambazo wanahistoria huwapa akina George Mason wa vizazi vilivyofuatana; wao wenyewe hawakuandikwa hivyo. Ongeza jina la mke au la shamba. Thomson naye wako wawili, mdogo wake Mason na mwana wa Mason.

Tarehe za kabla ya 1752 zina mtego: mwaka ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari 1740 ya daftari ni 1741 kwa hesabu yetu.

Karani akijibu kwamba kitabu kimepotea, amini. Stafford ilipoteza vingi wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Geukia Maktaba ya Virginia, Richmond, yenye mikrofilamu (picha ndogo za kurasa) za vitabu vya kaunti na mkusanyo wa nakala zilizookolewa kutoka kaunti za namna hiyo. Hati nyingi za zamani za kugawiwa ardhi ya eneo hili ziko humo chini ya Northern Neck, jina la eneo lililo kati ya mito Potomac na Rappahannock, kwa kuwa aliyeigawa alikuwa mmiliki binafsi, hatimaye ukoo wa Fairfax, si Mfalme.

Wanaotafuta mababu waliokuwa watumwa wa ukoo huu waombe orodha ya mali pamoja na wosia, kurasa zote. Majina yao, mara nyingi moja moja bila ubini, yameorodheshwa pamoja na mali nyingine.