Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kurusha Droni Kitulo, Udzungwa na Mlima Rungwe

Kila msimu wa maua, kati ya Desemba na Aprili, wapiga picha wengi hupanda kona 57 za barabara ya Chimala hadi Matamba kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kusini mwa Tanzania, wakiwa na droni mabegini, na wengi wao huamini kwamba kiingilio wanacholipa getini kinatosha. Hakitoshi. Kiingilio kinakuruhusu kutembea hifadhini. Kurusha chombo angani kunahitaji idhini za ofisi zaidi ya moja, wala idhini ya ofisi moja haifuti ile ya nyingine.

Jambo la kwanza ni kujua mlima uko chini ya nani. Kitulo, yenye kilomita za mraba 412.9 na hadhi ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, pamoja na Milima ya Udzungwa iliyotangazwa mwaka 1992, zinasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia ya msitu na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kwa macho ya msafiri, Rungwe na Kitulo ni ukanda mmoja wa kijani, na ndiyo maana watu huelekeza barua ya maombi kusikohusika na kupoteza wiki nzima wakingoja jibu.

Kabla ya kuandika barua hiyo, shughulikia chombo chenyewe. Droni husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na ndiyo inayotoa kibali cha kurusha kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2018 za ndege zisizo na rubani. Maombi hayo huambatana na idhini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa uzoefu wangu hapa ndipo subira inapohitajika zaidi, kwa hiyo anza maombi mapema kabla hujapanga tarehe ya safari. Andaa nakala ya kitambulisho, risiti ya ununuzi, aina ya chombo, uzito wake na namba iliyochapwa kwenye mwili wake. Mgeni anayetoka nje ya nchi aanze kuomba akiwa bado kwao, kwani droni isiyo na kibali inaweza kuzuiliwa forodhani, na hapo safari ya Kitulo itakuwa imeharibika hata kabla hajaondoka uwanja wa ndege.

Baada ya hapo ndipo unapoandika kwa wenye hifadhi. Kwa TANAPA, barua huelekezwa kwa Kamishna wa Uhifadhi, na ni busara kuipitisha kwa mhifadhi mkuu wa hifadhi husika, kwa sababu yeye ndiye anayelijua eneo. Barua yangu ya kwanza ilirudishwa kwa kuwa niliandika tu kwamba ninaomba kupiga picha za Kitulo kutoka juu. Niliiandika upya hivi: “Yah: Maombi ya kibali cha kurusha droni. Ninaomba kurusha droni moja yenye uzito wa gramu 750, kwa dakika 15, kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, nikiwa nimesimama kando ya njia ya watalii, ili kupiga picha za uwanda wa maua bila kupita juu ya msitu.” Sentensi moja ya namna hiyo inamjibu msomaji maswali yake yote: chombo gani, wapi, lini, kwa muda gani na kwa sababu gani. Ambatisha nakala za kibali cha TCAA na idhini ya wizara.

Maneno “bila kupita juu ya msitu” yana uzito wake. Nyanda za Kitulo ni mahali ambapo mbayuwayu wa buluu huzaliana, na katika misitu ya Rungwe, Livingstone na sehemu ya Udzungwa anaishi kipunji, tumbili aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 2003 tu na ambaye hapatikani popote nje ya Tanzania. Kwa mnyama anayeishi juu ya miti, kitu kinachoelea juu ya kichwa chake ni tai. Mwombaji anayeonyesha kwamba amelifikiria hilo hustahili kusikilizwa, na mimi naona ni haki.

Picha za filamu au matangazo zinahitaji pia kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, na utafiti una njia yake kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI). Ada ya hifadhi lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali pekee, kamwe si fedha taslimu mkononi mwa mtu.

Siku ya kurusha, ripoti ofisini ukiwa na nakala za karatasi, kwani mtandao wa simu milimani si wa kutegemea. Kuwa makini na kikomo cha mita 120 hivi kutoka ardhini: droni nyingi hupima urefu kuanzia mahali ziliporukia, hivyo ukirukia ukingoni mwa bonde, skrini inaweza kuonyesha mita 60 ilhali chini ya chombo kuna mita 300. Tena, kwenye mita 2,600 hewa ni nyepesi, panga za droni hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na baridi ya asubuhi hupunguza nguvu ya betri. Iweke betri ndani ya koti mpaka dakika ya kurusha. Ukungu ukianza kushuka, tua hata kama muda uliopewa haujaisha, kisha mjulishe askari wa uhifadhi saa uliyotua ili aiandike.