Kupunguza mbwa wa kuzurura mwaloni bila sumu wala risasi

Kwenye mialo ya Mwanza, yaani vituo vya kupokelea samaki ufukweni mwa Ziwa Victoria, kuanzia Kirumba hadi Kayenze, mbwa wanafuata chakula: matumbo ya samaki, dagaa waliomwagika chini ya vichanja vya kuanikia, mapanki (mifupa ya sangara waliotolewa minofu), makombo ya mama ntilie. Mkiua mbwa kumi wiki hii na chakula kikabaki palepale, nafasi yao itazibwa na watoto wa majike waliosalia pamoja na mbwa wa mtaa wa jirani. Jike huingia joto mara ya kwanza akiwa na umri wa miezi 6 hadi mwaka, hubeba mimba kwa takribani siku 63, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Tena mkiua, mnawaondoa na mbwa waliokwisha kuchanjwa, halafu wanaoingia badala yao hawana kinga. Kisiwa cha Bali, Indonesia, kilipopatwa na kichaa cha mbwa mwaka 2008, mbwa wengi waliuawa na ugonjwa ukaendelea kusambaa. Uliopunguza vifo ni mpango wa chanjo ya halaiki.

Njia inayofanya kazi ni kuchanja, kuhasi na kuwarudisha mbwa pale pale walipokamatwa, huku chakula cha bure kikipunguzwa. Na ina sharti moja ambalo vikundi vingi hulivunja: malizeni eneo moja kabla ya kuhamia jingine. Majike thelathini waliohasiwa wakatawanyika Igoma, Mabatini, Butimba na Pasiansi hawabadilishi kitu. Majike thelathini wa mwalo mmoja, ikiwa ndio karibu wote waliopo, wanasimamisha uzazi wa mwalo huo.

Ruhusa na usalama wa watu

Anzeni kwa mtendaji wa mtaa na afisa mifugo wa kata, kisha pateni barua kutoka kwa daktari wa mifugo wa halmashauri. Upasuaji ufanywe na daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, si na fundi wa kuhasi mbuzi, hata kama ana mkono mwepesi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inawalinda mbwa hawa pia, hivyo barua hiyo inawalinda na ninyi pale mtu atakapouliza mnawapeleka wapi. Mwalo una uongozi wake. Waelezeni siku mbili tatu kabla, la sivyo wavuvi watadhani mnakuja kutega sumu na watawaficha mbwa wao kwenye mitumbwi.

Kila atakayeshika mbwa apate kwanza chanjo ya kinga ya kichaa cha mbwa kwa binadamu, dozi mbili, siku ya 0 na siku ya 7. Ulizeni mapema hospitali ya wilaya au ya mkoa, maana chanjo hii haipatikani katika kila zahanati. Mtu akiumwa au akichubuliwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, lipakwe iodini, na aende hospitali siku hiyohiyo hata kama alishachanjwa. Msipake mafuta ya taa, pilipili wala majani. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kuzuiliwa salama, aangaliwe kwa siku 10, lakini matibabu ya mtu yasisubiri siku hizo ziishe.

Kuhesabu

Mtaani hesabuni kuanzia saa 12 hadi saa 1 na nusu asubuhi, kabla ya pikipiki na watu kuwatawanya. Mwaloni muda mzuri ni pale mitumbwi inapotia nanga. Epukeni siku za mbalamwezi: wavuvi wa dagaa wanapumzika, mwaloni hakuna cha kula, na mbwa wanapanda mitaani. Mkihesabu siku hizo mtaamini mwalo wenu una mbwa wachache, kisha vizimba na dawa vitapungua katikati ya kazi.

Pitieni njia ileile kwa asubuhi mbili. Kwa kila mbwa andikeni dume au jike, mkubwa au mtoto, ananyonyesha au la, ana mwenyewe au la. Piga picha ya simu kwa kila jike. Hilo la mwenyewe lina uzito kuliko watu wanavyodhani: mbwa wengi wanaoonekana kuwa koko wana nyumba wanakolala, ila hawafungiwi. Wenye nyumba hao ndio watakaowaletea mbwa bila kukimbizana.

Chakula

Hapa kazi ni ya uongozi wa mwalo zaidi kuliko ya daktari. Wekeni mapipa yenye vifuniko vinavyofungwa kwa kamba au komeo karibu na meza za kupasulia samaki, yamwagwe kila siku kabla ya jua kuzama. Pipa lisilo na kifuniko ni sahani tu ya mbwa. Vichanja vya dagaa vinyanyuliwe, na dagaa waliopukutika wafagiliwe jioni. Machinjio na mabucha yazike au yapeleke dampo damu na mifupa, yasitupe nyuma ya uzio.

Msifunge chakula chote kwa siku moja kabla mbwa hawajahasiwa. Wenye njaa watahamia mtaa wa pili, na kazi ya kuwahesabu itaanza upya. Punguzeni polepole, sambamba na upasuaji.

Chanjo kwanza

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya haraka na nafuu kuliko upasuaji, kwa hiyo itangulie. Lengo ni angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, kila mwaka. Dozi ni mililita 1, huchomwa chini ya ngozi ya mabegani. Watoto wa mbwa wachanjwe nao, wasiachwe kwa kuwa bado wadogo: wao ndio watakaokuwa mbwa wazima kabla ya kampeni ijayo, na ndio wanaochezewa na watoto wetu.

Isitozwe ada. Jijini N'Djamena, Chad, wenye mbwa walipotozwa, waliochanjwa walikuwa takribani robo tu. Ilipotolewa bure walipita asilimia 70. Shule ya msingi ni kituo kizuri kwa sababu wanaoleta mbwa wengi ni watoto. Watangazieni waje na kamba, si waya wa umeme unaokata shingo, na mtu mzima amshike mbwa wakati wa sindano.

Chanjo hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, ndani ya kasha lenye barafu, chupa zisigusane na barafu moja kwa moja. Kwa visiwani kama Ukerewe na Ukara, ambako barafu ni shida, kuna habari njema: utafiti uliofanyika hapa Tanzania ulionyesha kwamba chanjo ya Nobivac Rabies iliyokaa miezi 6 kwenye nyuzijoto 25, au miezi 3 kwenye 30, iliwapa mbwa kinga sawa na iliyotoka kwenye friji. Hiyo haina maana chupa ziachwe kwenye boti juani, na aina nyingine za chanjo zisichukuliwe kuwa hivyohivyo.

Kila aliyechanjwa apuliziwe alama ya rangi ya mifugo mgongoni. Kesho yake alfajiri pitieni njia ileile. Tuseme mlipaka mbwa 60, na asubuhi mmewaona 48, kati yao 32 wana rangi. Zidisheni 60 kwa 48, gawanyeni kwa 32: eneo lina mbwa kama 90. Na 32 kati ya 48 ni asilimia 67, bado kidogo. Rudini kwa nyumba zilizokosa.

Kukamata

Mbwa wenye wenyewe waletwe kwa kamba. Waliobaki wanahitaji wavu wa pete. Pindeni nondo ya milimita 10 iwe pete ya kipenyo cha sentimita 80, ivisheni mpira wa bomba la maji ili mbwa asivunje meno, na ichomeleeni kwenye mpini wa mita 1.5. Mfuko wa wavu uwe na kina cha mita 1.2 au zaidi, ili mbwa akishaingia mzungushe mpini na mdomo wa mfuko ujifunge. Chagueni wavu wa nyuzi nene zilizosokotwa, wenye matundu madogo asipitishe kichwa. Timba, ule wavu wa uvuvi wa uzi mmoja wa plastiki, haifai kabisa. Uzi wake mwembamba unazama kwenye ngozi mbwa anapojirusha.

Watu wanne wanatosha: mwenye wavu, wa kuziba njia, wa kutupa blanketi juu ya mbwa akishanaswa, na wa kuandika na kuzuia watoto. Tembeeni, msikimbie. Msimsukume mbwa kuelekea ziwani wala kwenye majabali. Akiingia maji ataogelea hadi achoke, na akiingia mwanya wa mawe mtamfuata kwa mikono, na hapo ndipo watu wanapoumwa. Zibeni kwanza upande wa ziwa, kisha anzeni.

Mdomo ufungwe kwa bendeji pana: zungusha juu ya pua, pitisha chini ya kidevu, fungia nyuma ya masikio. Dakika chache tu, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na mchana wa Mwanza ndani ya guta lililofunikwa turubai anaweza kufa kwa joto. Kizimba kimoja, mbwa mmoja, isipokuwa mama na watoto wake.

Kamateni jioni, pasueni kesho yake asubuhi. Mbwa anatakiwa akae saa 8 hadi 12 bila chakula kabla ya nusu kaputi, na chambo cha dagaa mnachomtegea alfajiri kitamtoka kwa kutapika akiwa amelala, kiingie kwenye mapafu. Maji apewe usiku kucha.

Mbwa anayedondosha mate, taya limelegea, sauti imebadilika au anang'ata mawe na vyuma asikamatwe na kikundi. Ondoeni watu, pigeni simu kwa daktari wa mifugo. Akiuawa, asipigwe kichwani: ubongo ndio sampuli inayohitajika maabara.

Kuhasi na siku zinazofuata

Majike kwanza. Dume mmoja aliyebaki anaweza kupanda majike wote, kwa hiyo kuhasi madume nusu hakupunguzi mimba. Anayenyonyesha watoto wa chini ya wiki 6 achanjwe, apakwe rangi na arudishwe kwa watoto wake siku hiyohiyo; mfuateni tena watoto wakishaanza kula wenyewe.

Darasa wakati wa likizo linafaa kuwa chumba cha upasuaji, mradi lina maji, mwanga na hewa. Daktari mmoja mwenye msaidizi mzoefu apangiwe majike 8 hadi 12 kwa siku. Akilazimishwa kufanya 25, mafundo ya mwisho huwa malegevu. Kila mbwa apate seti yake ya vyombo vilivyochemshwa kwa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20. Sufuria ya kawaida haifikii joto hilo. Ngozi ishonwe kwa uzi unaoyeyuka, uliofichwa ndani, kwa kuwa hakuna atakayerudi kutoa nyuzi, na nyuzi zilizo nje mbwa huzing'oa kwa meno. Dawa ya maumivu ni lazima. Akiwa bado amelala, akatwe alama ya V ya sentimita 1 kwenye sikio la kushoto, na mitaa yote itumie sikio hilohilo. Kola za plastiki za alama msiwavishe watoto wa mbwa: wanakua, kola inabaki vilevile.

Baada ya meza, mlazeni ubavu, shingo imenyooka, ulimi umevutwa nje, macho yamepakwa mafuta ya macho kwa sababu yanabaki wazi. Mfunikeni kanga, maana mwili hupoa sana. Msaidizi aangalie ufizi kila dakika 5: waridi ni salama, mweupe ni dalili ya damu kuvuja ndani, daktari aitwe hapohapo. Jike aliye kwenye joto au mwenye mimba ana mishipa minene zaidi, hivyo huyo achungwe kwa muda mrefu.

Dume anaweza kurudishwa kesho yake. Jike akae siku 3 hadi 4, na kwa mbwa wa mwaloni tunasisitiza siku 4, kwa sababu akirudi jambo la kwanza ni kuingia ziwani. Kidonda kibichi, maji machafu na inzi ni mwanzo wa usaha na mabuu. Pulizeni dawa ya bluu kuzunguka kidonda kila siku, na pangeni upasuaji kiangazi, Juni hadi Septemba, si katikati ya mvua. Vizimba vioshwe, kinyesi kikishaondolewa, kwa klorini ya nyumbani sehemu 1 na maji sehemu 30, ikae dakika 10. Kirusi cha parvo, kinacholeta kuhara damu kwa mbwa, hakifi kwa sabuni pekee.

Arudishwe palepale alipokamatwa, si mtaa wa pili. Mbwa aliyetupwa eneo geni hupigwa na wenyeji au hugongwa akitafuta njia ya nyumbani. Dume aliyehasiwa leo bado anaweza kupandisha mimba kwa wiki 4 hadi 6, waambieni wenyewe wasishangae.

Wengi watakataa kwa hofu kwamba mbwa aliyehasiwa halindi tena. Analinda, kinachopungua ni kuzurura kufuata majike, na jike hafuatwi tena na kundi la madume mlangoni usiku. Watoto wasiotakiwa wapelekwe kwa afisa mifugo wakatafutiwe watu, wasiachwe dampo la Buhongwa au kambi ya uvuvi iliyohama.

Rudieni hesabu miezi 6 baadaye, njia ileile, saa ileile. Angalieni vitu viwili: majike wangapi wana V sikioni, na wangapi wana maziwa. Wenye V wakiwa chini ya asilimia 70, bakini mwalo huohuo. Daftari na picha vikabidhiwe kwa afisa mifugo wa kata, pamoja na tarehe ya chanjo ya mwaka ujao. Mitaa mingi huichagua 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa kuwa mvua za vuli bado hazijakolea.