Jinsi ya kununua kitabu cha mtumba na kumjua aliyekisoma kabla yako

Watu wengi wakifika kwa wauza vitabu wa chini, iwe Dar pale Posta Mtaa wa Samora au Nairobi kwa wale wanaoitwa inama maana lazima uiname ndo uchague, wanaangalia jina la kitabu, wanauliza bei, wanalipa wanaondoka. Mi naomba ufanye tofauti kidogo. Kabla hujauliza bei fungua jalada uangalie ule ukurasa mtupu wa mwanzo, hapo ndo watu huwa wanaandika majina yao, na kwangu kitabu chenye jina, mji na tarehe kwa mwandiko wa mtu nakipenda kuliko kile kisafi ambacho hakijaguswa.

Nenda siku ambayo huna haraka. Msalimie muuzaji vizuri, mwambie kaka natafuta vya zamani kabisa, maana mbele wanapanga vya biashara na vya kutafuta utajiri vinavyotoka haraka, vya zamani viko chini ya rundo au kwenye boksi ambalo hajalifungua. Akishajua unachopenda atakuwa anakuwekea.

Sasa kujua kitabu kimeishi lini. Tazama namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, ikiwa na tarakimu 13 jua nakala hiyo imechapwa kuanzia karibu na 2007, ikiwa na 10 ni ya kabla ya hapo, na isipokuwa nayo kabisa kuna uwezekano mkubwa ni ya kabla ya miaka ya 70. Ila mihuri ndo mitamu zaidi. Ukikuta muhuri wa University College, Dar es Salaam, basi ulitengenezwa kati ya 1961 chuo kilipoanza na 1970 kilipokuwa chuo kikuu kinachojitegemea. Anwani inayosema Delamere Avenue Nairobi ni ya wakati barabara ya Kenyatta haijapewa jina hilo. Kitabu cha shule cha Kenya ambacho mtoto kaandika CPE, yani mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa enzi hizo, na Standard VII ni cha kabla mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) haujaingia 1985. Na neno Tanganyika kwenye anwani linakupeleka kabla ya 1964, japo wapo walioendelea kutumia mihuri yao ya zamani, so usiamini alama moja peke yake, linganisha mbili tatu.

Vingine vimetoka mbali. Utaona muhuri wa maktaba fulani ya Uingereza au Marekani na neno Withdrawn au Discard, yani maktaba yenyewe ilikiondoa kihalali. Angalia nyuma kama ile karatasi ya tarehe za kurudisha bado ipo, isome taratibu, tarehe zinafuatana kwa karibu alafu ghafla pengo la miaka, alafu mtu mmoja anakiazima, alafu basi. Ukikuta karatasi ya Ranfurly Library Service, shirika la Uingereza la kugawa vitabu vya msaada, hao ndo waliobadili jina 1994 wakawa Book Aid International, kwa hiyo kitabu kilitolewa msaada kabla ya mwaka huo.

Ukifika kurasa za ndani usikishike kichwa chini ukakitingisha! Tiketi, risiti, picha, jani kavu, vyote vitadondoka na hutajua vilikuwa ukurasa gani, na ukurasa ndo unakuambia mtu aliishia wapi au alipapenda wapi. Fungua polepole, ukikuta kitu andika namba ya ukurasa kwa penseli kwenye kikaratasi, alafu kirudishe hapohapo.

Nina Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), toleo lile la 1981, haina jina la mtu popote. Ila mwenyewe alikuwa akitafuta neno anaweka tiki ndogo sana ya penseli pembeni. Nikazifuata tiki zote: dhamana, hati, mdai, rufani, shauri, wosia. Nahisi alikuwa karani wa mahakama au mtu wa kutafsiri mambo ya sheria, sina uhakika lakini siwezi kumfikiria vingine tena. Alafu kuna tiki nyingine za wino wa bluu, mkono mzito zaidi, huyu wa pili alikuwa anatafuta samaki tu: changu, kolekole, nguru. Watu wawili ndani ya kamusi moja, na hawakuandika sentensi hata moja. Kwa hiyo usidharau vistari na vitiki, vifuate kuanzia mwanzo mpaka mwisho kabla hujaanza kusoma kitabu chenyewe.

Kuna vya kurudisha. Ukikuta cheti cha shule au cha kuzaliwa ndani, mtafute mwenyewe kupitia ofisi iliyokitoa, usiweke picha mtandaoni yenye majina ya watu. Barua za siri za watu pia zisiende mitandaoni. Vitabu vya dini vya Zanzibar, Lamu na Mombasa vingine vimeandikwa wakfu mwanzoni, mara nyingi kwa herufi za Kiarabu, hicho hakiuzwi, kipeleke msikitini au madrasa. Muhuri wa maktaba ya shule usio na alama ya kuondolewa nao uulizie. Na Biblia ya familia, hasa ile Union Version iliyotoka 1952, tazama kurasa tupu, wengi waliandika humo siku za kuzaliwa watoto na za misiba, kuna mjukuu mahali anaitafuta hiyo.

Ukishanunua andika na wewe, jina, mji, mwaka, hata bei, chini ya yule wa kwanza, usimfute. Tumia penseli kwa sababu wino unapenya kwenye karatasi ya zamani.

Kama unahofia wadudu, kifunge vizuri kwenye mfuko wa nailoni kikae friza wiki nzima, ukikitoa usifungue mfuko mpaka baridi iishe na kirudi kwenye joto la kawaida, la sivyo kitapata unyevu. Usikianike juani, karatasi itazidi kuwa ya njano na kukatika. Selotepu usiiguse kabisa, gundi yake inaacha doa la kahawia lisilotoka. Kikiwa kimeachia mgongo mpelekee fundi wa kubandika vitabu, ila mwambie mapema na umsisitize asikate kingo za kurasa, wengi wanazikata ziwe sawa kitabu kipendeze, na maandishi yote ya pembeni yanaondoka na zile karatasi.