Somo: Mtoto njiti awekwe kifuani mwa mama lini? Namna ya kusoma ushahidi kabla ya kuamua

Naandika somo hili ili nisiendelee kulirudia moja moja. Wauguzi wa Mbale, wakunga wa Busia na wanafunzi wa Kampala wameniuliza kama utafiti uliofanyika hapa kwetu Uganda umethibitisha kwamba huduma ya kangaruu, yaani mtoto kufungwa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, haina faida kwa mtoto njiti ambaye hali yake haijatulia. Haukuthibitisha hivyo. Nitaeleza kwa hatua, na atakayeuliza swali ambalo jibu lake limo humu nitamrudisha juu.

Hatua ya 1. Andika swali lako kwa ukamilifu: mtoto wa kilo 1.4 anayepewa oksijeni akiwekwa kifuani leo badala ya kusubiri atulie, je, uwezekano wa kufika siku ya 28 akiwa hai unaongezeka?

Hatua ya 2. Anza na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, kisha tafuta tafiti zenyewe kupitia HINARI, mpango wa Shirika hilo wa kusoma majarida ya afya mtandaoni, ambako taasisi za Uganda zilizosajiliwa huingia bila malipo.

Hatua ya 3. Soma takwimu na mipaka yake, usiishie kwenye sentensi ya mwisho ya muhtasari.

Hapa ndipo nilipoanguka. Mwaka 2024 yalipotoka matokeo ya OMWaNA, yaani utafiti wa hospitali 5 za Uganda ulioitwa kwa neno la Kiganda la mtoto, nilisoma muhtasari kwenye simu nikisubiri chai, na asubuhi ya pili nikawaambia wenzangu wa zamu kwamba hakuna tofauti, hivyo tusiwasumbue akina mama. Mama mmoja alikuwa ameshajifunga kitenge. Nilimwambia arudi benchi asubiri, na fundo lilikuwa limekaza kiasi kwamba alilifungua kwa meno. Usiku umeme ulikatika, taa ya kupasha joto iliyokuwa na watoto watatu ikazima, na kipimajoto cha kwapani kilipomsoma mwanawe 35.1 nilikwenda mwenyewe kumwita mama yule na kumfunga kitenge upya.

Takwimu nilizopuuza ni hizi. Kufikia siku ya 28 walikuwa wamefariki asilimia 11.3 ya watoto waliowekwa kifuani mapema na asilimia 12.8 ya waliosubiri; uwiano wa vifo vya kundi la kwanza kwa la pili ni 0.88, na mipaka yake, yaani kiwango cha chini na cha juu ambamo uwiano wa kweli huenda umo, ni 0.71 hadi 1.09. Maana yake ni kwamba ukweli unaweza kuwa popote kati ya vifo kupungua kwa asilimia 29 na kuongezeka kwa asilimia 9. Kutothibitika kwa faida si sawa na kuthibitika kwamba faida haipo. Zaidi ya hayo, waliosubiri walisubiri wakiwa ndani ya inkubeta au chini ya taa ya kupasha joto, huku mimi nikiwasubirisha wangu chini ya taa moja ya watoto watatu. Kabla ya kuiga matokeo ya utafiti wowote, uliza kundi la pili lilipata nini, kisha uangalie kama wewe unacho.

Hatua ya 4. Hakikisha mtoto wako anafanana na waliotafitiwa. Mapendekezo ya 2022 hayamhusishi mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe baada ya kuhuishwa, aliye katika mshtuko wa mzunguko wa damu, au anayehitaji mashine ya kumpumulia.

Hatua ya 5. Zungumza na mama, amua, andika sababu kwenye faili, na pima joto tena.

MASWALI

Mwanachama wa Soroti: Kwa hiyo jibu ni ndiyo au hapana?
Jibu: Rudi hatua ya 1. Hujaniambia ni mtoto gani.

Mwanachama wa Kampala: Naomba muhtasari wa tafiti zote, sina muda wa kusoma.
Jibu: Muhtasari ndio ulionipoteza mimi.

Mkunga wa Arua: Musawo (mganga), kwa nini utafiti wa nchi tano ulionyesha faida wazi na wa kwetu haukuonyesha?
Jibu: Asante, dada, swali hili linastahili nafasi. Ule wa 2021 wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulikuwa wa watoto wa kilo 1.0 hadi 1.799, na vifo vilikuwa asilimia 12.0 kwa waliowekwa kifuani mapema dhidi ya 15.7 kwa waliosubiri, yaani mtoto mmoja zaidi aliokolewa katika kila 27. Lakini mama au mbadala wake alikaa na mtoto ndani ya kitengo cha wagonjwa mahututi usiku na mchana, na watoto walikaa kifuani takriban saa 17 kwa siku. Wodi ikimruhusu mama kuingia wakati wa kunyonyesha tu, usitarajie matokeo hayo.

Muuguzi wa Tororo: Mama akiwa bado hajiwezi baada ya upasuaji?
Jibu: Jajja (bibi), shangazi au baba anaweza kuanza, na katika utafiti wa 2021 pia mbadala walikubaliwa. Kichwa kigeuzwe upande, shingo isikunjamane, pua na mdomo vionekane wakati wote, na mpira wa oksijeni ubandikwe shavuni kabla ya kufunga.

Mkunga wa Arua: Na kitenge kikiteleza?
Jibu: Kitenge kipya kina gundi ya dukani na fundo halishiki. Mwambie akifue kwanza, au aazime cha zamani cha dada yake.