Mshahara wa kwanza Dar es Salaam: jinsi ya kuanza akiba mwezi huu huu

Kazi yangu ni kuandaa mishahara. Kwa miaka tisa nimeshika hesabu za vijana wanaoanza kazi hapa mjini, na kila ikifika tarehe 12 au 13 wanaanza kuja mezani kwangu kuomba wakopeshwe sehemu ya mshahara ujao. Wengi wao si wafujaji. Wanalipa nauli, wanakula, wanatuma nyumbani, na pesa inaisha. Wanaofika mwisho wa mwezi salama hufanya mambo yafuatayo, na mimi mwenyewe nilianza hivyo nikiwa kwenye chumba kimoja Mbagala.

Hatua ya 1: Jua pesa inayofika mkononi

Tuseme mkataba unasema mshahara wa msingi ni 600,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 60,000. Kwenye 540,000 zinazobaki hukatwa kodi ya mapato, ile PAYE: 270,000 za kwanza haziguswi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na kinachozidi hadi 760,000 ni asilimia 20. Jumla inakuwa 24,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni 90,000. Unabaki na 426,000.

Kijana aliyechukua chumba kwa hesabu ya laki sita ana pengo la 174,000 kabla hajanunua hata chumvi. Kwa hiyo usitafute chumba kabla hujaiona karatasi yako ya mshahara.

Hatua ya 2: Siku mshahara unapoingia, tenga vitu vitatu

Kodi ya chumba, nauli, akiba. Fanya siku hiyo hiyo.

Wenye nyumba wengi wanataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, hivyo kijana hujisahau miezi miwili, wa tatu anatafuta 240,000 kwa mara moja. Chumba cha 80,000 kitengewe 80,000 kila mwezi, hata kama mwenye nyumba hadai leo. Nauli ihesabu kwa siku unazokwenda kazini na magari unayopanda, kisha itoe yote.

Akiba anza na 50,000, au 20,000 kama hali ni ngumu. Usiiache kwenye laini ya simu unayoitumia kila siku. Mchezo, ule wa kuchangishana na kupokea kwa zamu, unasaidia kukusukuma, ila cheza na watu unaowafahamu vizuri, na kumbuka ukiugua kabla ya zamu yako pesa huipati kirahisi. Mimi naipenda zaidi mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, taasisi ya serikali. Mfuko wa Ukwasi unaufungua kwa 100,000 na kuongeza kuanzia 10,000. Ukitaka kutoa, unasubiri siku chache za kazi. Vijana hulalamikia kusubiri huko, lakini mimi naona ndiko kunakowalinda Ijumaa usiku.

Hatua ya 3: Jiachie pesa ya meza

Wengi tumekulia nyumba ambazo baba alitoka asubuhi akaacha pesa ya matumizi mezani, na mama akaigawa: unga, mboga, mafuta, mkaa. Ikiisha imeisha hadi kesho. Nawe jiachie hivyo hivyo. Kwa mshahara wa mfano wetu nashauri 4,000 kwa siku, mbali na 25,000 za gesi kwa mwezi.

Elfu nne hazitoshi ukila nje. Chai na chapati mbili, kisha sahani ya wali maharage kwa mama ntilie mchana, zimekwisha na usiku bado. Itabidi upike. Jumamosi moja ya mwezi nenda Tandale ununue nafaka kwa kilo: mchele, maharage, unga wa dona. Nyanya, vitunguu na ndizi vifuate Mabibo, asubuhi mapema. Dagaa wakavu wanakaa muda mrefu bila friji. Mafuta usinunue ya kupima kila jioni. Zijumlishe zile mia tano tano za wiki mbili uone kama hazijapita bei ya lita.

Maharage ndiyo yanayomaliza gesi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwenye sufuria yenye mfuniko unaobana. Mimi sikuwa na friji, kwa hiyo nilipatana na dada mpangaji wa chumba cha pili: leo nachemsha mimi tunagawana, baada ya siku mbili anachemsha yeye. Mtungi mdogo wa kilo 6 uliokuwa ukinifikisha wiki tatu ukaanza kupita mwezi. Chakula cha mchana beba kwenye hotpoti. Hakuna atakayekucheka, wiki ya pili utakuta na wenzako wameanza kubeba.

Hatua ya 4: Weka kikomo cha michango

Huku ndiko ninakoona vijana wakiumia zaidi. Unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa, unakuta orodha ya majina na ahadi. Aliye juu yako ameandika 100,000, nawe unaona aibu kuandika 20,000. Mwezi mmoja unaweza kuwa na harusi mbili, sendofu na msiba.

Tenga 40,000 kwa mwezi, na humo humo iwemo ya wazazi. Msiba utangulize, hata kwa kidogo, na uende mwenyewe. Kwenye harusi jibu mapema: "Asante kwa kunishirikisha. Nitachangia 10,000, natuma tarehe 28." Nimekaa kwenye kamati za harusi, mtu wa 10,000 aliyetuma kwa wakati anasaidia kuliko ahadi ya laki isiyofika hadi siku ya ukumbi.

Nyumbani nako sema wazi. "Shikamoo mama. Kila tarehe 28 nitakutumia 20,000 pamoja na ya kutolea." Mzazi akijua tarehe naye anapanga yake, na simu za katikati ya mwezi zinapungua.

Hatua ya 5: Punguza makato

Tangu Julai 2023 tozo ya serikali ya kutuma pesa imefutwa, lakini ya kutoa imebaki juu ya ada ya mtandao. Toa mara moja kwa wiki. Umeme: kama una mita yako na hufikishi uniti 75 kwa mwezi, waulize TANESCO kuhusu kundi la D1, ambalo uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi, wakati T1, kundi la kawaida, ni 292. Bando chukua la mwezi.

Hatua ya 6: Kaa mbali na kausha damu, ile mikopo ya riba kali

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ukikwama, gusa akiba kwanza. Ndiyo kazi yake. Ikiwa umeshakopa, njoo kwa mhasibu wako mapema. Deni dogo tunaweza kulipanga kwa miezi mitatu, lakini yule anayefika akiwa na mikopo mitano nabaki sina la kumfanyia.

Hatua ya 7: Baada ya miezi mitatu, acha kutenga kwa mkono

Ukiona 50,000 inatoka na bado unakula vizuri, iandikie benki maagizo ya kuihamisha kila mwezi, au muulize mhasibu wako kama anaweza kuigawa kabla haijafika kwako. Kwetu ni fomu ya ukurasa mmoja. Ilete kabla ya tarehe 15, kwa sababu hesabu za mishahara tunazifunga tarehe 20.