Namna ya Kukagua Nyimbo kwa Akili Unde kwa Ajili ya Mtu Asiyestahimili Baadhi ya Sauti

Anayeumizwa na sauti hasumbuliwi na ukubwa wake pekee. Mmoja hushtushwa na ngoma inayolipuka ghafla, mwingine hawezi kustahimili filimbi, na wa tatu hukimbia makofi. Kwa hiyo, kabla hujafungua programu yoyote, keti na mhusika, au na mzazi wake ikiwa ni mtoto, umuulize ni sauti zipi hasa zinazomtesa, kisha uziandike kwa maneno yake mwenyewe.

Tafuta wimbo ukiwa faili kamili. Usiurekodi kwa simu kutoka kwenye spika, kwani wakati wa masika hapa Mbeya mvua inayopiga bati itaingia humo na mashine itaihesabu kuwa sehemu ya muziki.

Ufungue wimbo katika Audacity, programu ya bure isiyohitaji intaneti kwa kazi hii, uutazame kwa spektrogramu, yaani picha ya wimbo inayoonyesha muda kwa ulalo na wembamba wa sauti, kwa kipimo cha hezi, kwa wima. Mstari wima unaong'aa ghafla huashiria mshindo. Mng'ao wa muda mrefu kati ya hezi 2,000 na 5,000 nao uuchunguze, kwa kuwa huko ndiko sikio la binadamu husikia kwa wepesi zaidi.

Hapo ndipo akili unde inapoingia. YAMNet, modeli ya Google, hutambua aina 521 za sauti, zikiwemo king'ora, filimbi na kilio cha mtoto mchanga. Utahitaji mtu anayeijua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu. Modeli huukata wimbo katika vipande vya takriban sekunde moja na kukipa kila kipande alama kwa kila aina ya sauti. Wewe chukua alama za sauti zilizo kwenye orodha yako tu, uandike dakika na sekunde zilipojitokeza. Weka kizingiti, yaani alama ya chini kabisa utakayoihesabu kuwa onyo, chini kuliko unavyotamani, maana onyo la bure litakugharimu dakika moja ya kusikiliza, ilhali mshindo uliopenya bila kuonekana unaweza kumharibia mtoto siku nzima.

Vigelegele ni suala jingine. Modeli inaweza kuviita mayowe, au ikavipita tu, hivyo nyimbo za harusi na za kwaya zetu, iwe za Mwanjelwa au za Iringa, mimi huzisikiliza mwenyewe mwanzo hadi mwisho.

Ikiwa kinachosumbua ni ngoma pekee, programu ya akili unde iitwayo Demucs hutenganisha wimbo katika waimbaji, ngoma, besi na ala nyinginezo, nawe ukaipunguza ngoma kabla ya kuziunganisha upya.

Kumbuka kwamba kilichokaguliwa ni faili, si chumba: darasa lenye sakafu ya saruji lisilo na dari huongeza mwangwi ambao mashine haikuusikia. Upige wimbo humo humo kwa sauti ndogo, ukianza na sekunde ulizoandika, na kitufe cha kuzima akishike mhusika. Akizima mahali ambapo mashine haikuona kitu, rudi kwenye orodha yako uiongeze sauti hiyo.