Maboga ya kichanja pwani ya Tanga: mtangulie inzi

Ukilima maboga Pongwe au Amboni, anayekutia hasara kubwa si mdudu wa kwenye majani. Ni inzi wa matunda, na huyo anaanza kazi boga likiwa halijazidi ndimu. Kwa hiyo shimo na mbolea nitavipitia haraka, tutakaa zaidi kwenye ua na boga changa.

1. Pigia hesabu msimu

Boga la nazi halikosi wateja mwezi wa futari. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza mwanzoni mwa Februari, na boga hukaa shambani miezi mitatu hadi minne. Rudi nyuma: mbegu iingie ardhini mapema Oktoba, vuli ikikaribia, na ndoo ya maji iwe tayari mvua ikichelewa. Wa masika asubiri mvua kubwa zipungue.

2. Kichanja

Nguzo za kusimama ziwe za mti mgumu, mwarobaini unafaa. Za kulaza juu tumia milingoti ya mkonge, ile inayochomoza katikati mkonge ukizeeka. Ni myepesi, na Tanga haijakosa mkonge tangu Richard Hindorf alipouleta 1893. Usiichimbie chini tu, mchwa hawatakuachia kitu. Kimo kiwe cha mtu aliyenyoosha mkono. Funga mimea kwa kamba ya katani, tena kwa kulegeza. Nailoni hukata shina kusi ikivuma.

3. Shimo

Ndoo moja ya samadi iliyooza kila shimo, mita moja hadi jingine, mbegu tatu. Zikiota, bakiza mche mmoja wenye nguvu.

4. Wadudu wa majani

Mende wekundu huja miche ikiwa na majani mawili matatu na huyatoboa kama chujio. Wawahi alfajiri, bado wamezubaa na baridi, uwatumbukize kwenye maji ya sabuni. Nyunyiza majivu kungali na umande ili yashike. Mmea ukishaanza kutambaa, vitundu vichache visikunyime usingizi.

Vidukari hukaa chini ya jani na hueneza ugonjwa wa batobato. Twanga gramu 50 za mbegu kavu za mwarobaini kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, kisha pulizia jioni, maana jua huiua nguvu dawa hiyo. Mche uliokwishajikunja na kuwa na mabaka ya njano, ng'oa. Haurudi.

5. Ua

Wahenga walisema ukipenda boga upende na ua lake, na hapa ni hivyohivyo bila fumbo. Maua ya kwanza ni madume matupu, usiogope yakipukutika. Jike utalijua kwa kiboga kidogo chini ya petali. Yote hufunguka alfajiri, na kufika saa nne asubuhi mengi yamekwisha kujifunga. Nyuki wakiwa haba, chuma dume, chana petali zake, upakaze ule unga wa manjano katikati ya jike. Dume moja linatosha majike mawili. Na kwa ajili ya nyuki sipulizii chochote asubuhi, hata mwarobaini.

6. Vika boga nguo

Siku ya pili baada ya kupakaza ule unga, petali zikianza kunyauka, angalia kwa makini. Utamwona inzi wa rangi ya kahawia yenye manjano, kiuno kama cha nyigu, akitembea juu ya kiboga huku akichomeka mkia. Alipochoma hutoka tone la utomvu, likikauka linang'aa kama gundi. Baada ya siku chache upande ule unalainika, na ukipasua unakuta funza weupe wanaorukaruka.

Hapo dawa ya dukani haisaidii: funza yuko ndani haifiki, nyuki yuko nje inamuua. Kinachosaidia ni karatasi. Chukua mfuko wa kaki au gazeti lililokunjwa mara mbili, livike boga, funga kwenye kikonyo kwa uzi wa katani, acha kitundu chini maji yatoke. Plastiki hapana, boga litachemka. Livue nguo likifika ukubwa wa ngumi mbili na ngozi imeanza kukaza.

Maboga yaliyochomwa wengi huyatupa pembeni ya shamba, na huko ni kufuga inzi, maana funza hushuka udongoni na kutoka na mabawa. Yafunge kwenye mfuko mweusi uuache juani mpaka yaive kabisa humo, au yafukie nusu mita kwenda chini. Mwombe na jirani afanye hivyo, inzi hajui mpaka.

7. Kutundika na kuvuna

Boga likizidi kilo mbili litundike kwa kipande cha wavu kuukuu. Wavuvi wa Sahare hawakosi. Kwa lile la kuweka, subiri kikonyo kikauke na ukucha usiingie kwenye ngozi. Kata ukiacha kikonyo urefu wa kidole, na usilibebe kwa kikonyo hicho: kikichomoka, boga hilo lipike wiki hiyohiyo.